Sisimizi na Maziwa ya Atipoka

Vumbi la jangwani liliingia kijiji cha Zaabiisi mapema mwaka ule. Jua likawa jeupe, halina nguvu, unaweza kulitazama bila kufumba macho. Watu walitembea wamejifunga vitambaa puani. Ukimwona mtu njiani humjui ni nani, mpaka akufikie na kukusalimu. Na wengine walipita bila kusalimu.

Katika vumbi hilo Atipoka aliamka kila siku na kufanya kazi zake. Alifagia ua. Aliteka maji. Alimkorogea mama mkwe wake, Talata, maji ya unga wa uwele yenye tangawizi. Kisha alikaa kwenye kizingiti, akampakata mwanawe, akamnyonyesha. Mtoto aliitwa Ayine. Alikuwa na miezi minne, na mapaja yake yalikuwa na mikunjo ya shibe. Baba yake, Aduko, alikuwa mbali kusini, huko Techiman, akilima viazi vikuu kwenye mashamba ya watu. Angerudi mvua zikianza.

Siku moja Laadi alipiga hodi. Laadi alikuwa mkubwa wa nyumba ya shea, mahali ambapo wanawake wa Zaabiisi husaga kokwa za mti wa shea, wakazikanda kwa maji, wakapata mafuta.

"Mke wetu, nafasi yako nimeikalia kama kuku anavyokalia mayai," alisema Laadi. "Lakini kuku naye huchoka. Wenzako wanauliza, Atipoka anarudi au harudi?"

"Narudi, mama."

"Basi njoo Jumatatu. Sheria unaijua."

Atipoka aliijua. Tone la maziwa ya mama lisianguke karibu na beseni la shea. Likianguka, shea itagoma. Utakanda mpaka mikono ife ganzi, na mafuta hayatapanda juu. Ndivyo walivyoamini mama zao, na wao hawakuthubutu kujaribu. Kwa hiyo mama anayenyonyesha alijifunga kitambaa kirefu kifuani, akakikaza mpaka matiti yakalala bapa, ndipo akaingia kazini. Mtoto alibaki nyumbani, maana hata mdomo wa mtoto una maziwa.

Jumatatu Atipoka alijifunga kitambaa. Kabla ya kuondoka alikamua maziwa kidogo kwenye bakuli la kibuyu, akalifunika, akamwachia Talata.

"Akilia sana mpe haya, mama."

Talata alilitazama bakuli kama mtu anayetazama kitu kilichookotwa njiani. "Maziwa yaliyotoka kwenye titi na kukaa peke yake," alisema. "Haya, nenda."

Nyumba ya shea ilikuwa kimya siku hiyo. Wanawake walikanda bila kuimba, kwa sababu vumbi liliwakaba koo. Atipoka alizamisha mikono yake kwenye rojo la kahawia, akakanda, akakanda. Jua lilipofika utosini, kitu kikamshtua. Kifua kilimbana ghafla. Kikamchoma kama sindano nyingi. Akajitazama. Kitambaa kilikuwa kimelowa.

Hakukuwa na mtoto yeyote pale. Hakusikia kilio. Lakini maziwa yalikuwa yakitoka, yakishuka tumboni, kana kwamba mdomo uko pale unavuta.

Laadi alimwona. Alimsogeza mbali na beseni, akamnong'oneza, "Kuna anayekunyonya usiyemwona. Kaza kitambaa."

Akakaza.

Alipofika nyumbani alimkuta Talata amesimama mlangoni na Ayine mgongoni.

"Alilia lini, mama?" Atipoka aliuliza.

"Jua lilipofika utosini. Alilia mpaka akakauka sauti."

Ilikuwa saa ileile maziwa yalipomtoka Atipoka. Talata hakungoja. Alimshika mkono, akampeleka jikoni, akafunua lile bakuli la kibuyu.

"Tazama ulichoniachia."

Maziwa yalikuwa yamejigawa. Juu palikuwa na utando mzito wenye rangi ya njano. Chini yake palikuwa na maji mepesi ya bluu, kama jicho la mtu kipofu.

"Ya juu ni ya mtoto," Talata alisema taratibu. "Sasa niambie, ya chini ni ya nani?"

Talata alitoka nje, akayamwaga mbali na nyumba, akarudi bila kutazama nyuma.

Kuanzia siku hiyo Atipoka hakuacha tena maziwa nyumbani. Kila siku alikaza kitambaa zaidi. Siku za mwanzo matiti yalijaa, yakauma, yakafanya mabonge magumu. Kila jua lilipofika utosini, kile kitu kisichoonekana kilikuja na kuvuta. Atipoka aliuma meno na kuendelea kukanda. Kisha siku moja hakikuja. Wala kesho yake. Kifua kilinyamaza. Nawaambia kweli, ukimya huo ulimwogopesha Atipoka kuliko kule kuvutwa.

Jioni alipompakata Ayine, mtoto alivuta kidogo, akaachia, akapiga kelele. Alivuta tena, akarusha kichwa nyuma. Matiti yalikuwa laini, yamelegea.

"Maziwa yanakukimbia," alisema Talata.

"Labda nimechoka tu, mama."

"Uchovu haukimbizi maziwa. Kuna jambo."

Basi Talata akaanza kumpa Ayine maji ya unga. Akaongeza maji ya mizizi, ya kuosha tumbo. Mtoto alikunywa, akalala. Kisha tumbo likaanza kumwendesha. Ile mikunjo ya mapajani ikaanza kulegea.

Hapa ni lazima niwaambie Talata alikuwa nani. Pale Zaabiisi, Talata hakuwa mama mkwe tu. Alikuwa mpimaji wa maziwa. Mwanamke akijifungua, au mtoto akikataa titi, watu walimwita. Alikuwa na mkono huo kutoka kwa mama yake, na mama yake aliupata kwa bibi yake. Maziwa yalikamuliwa kwenye kigae, yakatiwa sisimizi. Sisimizi wakitoka na kutembea, maziwa ni matamu, mtoto anyonye. Wakifia humo, maziwa ni machungu. Hapo mtoto hanyonyi tena, mpaka mama atibiwe na maziwa yapimwe upya. Wakati huo wote mtoto hunywa maji ya mizizi.

Talata alimpenda Ayine kuliko macho yake. Ndiyo sababu alileta kigae.

Ilikuwa mchana mweupe, hakuna upepo. Vumbi lilining'inia tu hewani. Ukuta wa nyumba ya jirani haukuonekana. Atipoka alikaa chini, akakamua. Yalitoka matone machache. Talata alichukua sisimizi wake kutoka kwenye ufa wa ukuta, akawaangusha ndani mmoja mmoja.

Sisimizi walihangaika. Walizunguka. Miguu yao ikasokotana. Mmoja alifika karibu na ukingo, Atipoka akashusha pumzi. Kisha naye akageuka tumbo juu.

Hakuna aliyetoka.

Talata alikiweka kigae chini. Machozi yalimtoka, akayaacha yatiririke. "Nilijua," alisema. "Mke wetu, nilijua, nikaogopa kujua. Mlete mtoto."

"Mama, nakuomba."

"Mlete. Unataka anywe sumu?"

Atipoka alimtoa Ayine mgongoni. Alihisi kama anajing'oa mkono. Talata alimpokea, akaingia naye chumbani kwake, akashusha pazia.

Kesho yake Atipoka hakwenda kazini. Alikaa uani akisikiliza. Alimsikia Ayine akilia. Kisha akamsikia akilia kama paka mdogo. Kisha hakumsikia. Mara kwa mara aliinua kichwa na kuuliza, "Mama, amelala?" Na sauti ya Talata ikajibu kutoka nyuma ya pazia, "Amelala." Kadiri jua lilivyopanda, sauti hiyo nayo ilizidi kuwa ndogo.

Ndipo akaona umbo la mtu likija katika vumbi. Halikuwa na uso. Lilikuja moja kwa moja mpaka uani, likafungua kitambaa puani. Kumbe ni Nesi Pognaa.

Pognaa alikuwa jirani yao. Alikuwa wa kabila la Wadagaba, ameolewa Zaabiisi, na alifanya kazi katika zahanati ya pale. Kila siku alipita karibu na nyumba ile akienda na kurudi.

"Nimekuja kwa sababu sijamsikia," alisema.

"Kumsikia nani?" Atipoka aliuliza.

"Ayine. Kila nikipita hapa namsikia, ama anacheka ama anagomba. Leo nimepita, kimya. Nimerudi, kimya. Yuko wapi?"

Talata alitokeza kichwa penye pazia. "Amelala, wewe mla vichwa vya mbwa. Nenda kazini kwako."

Wadagaba na watu wa Zaabiisi ni watani tangu enzi za mababu. Wanaweza kuambiana lolote, hata msibani, na hakuna anayeruhusiwa kukasirika. Mtu mwingine asingeweza kumpinga Talata katika nyumba yake. Mtani aliweza.

"Kichwa cha mbwa nimekula jana, nimekuachia mkia," Pognaa alijibu. "Mtani, nionyeshe mjukuu wako, la sivyo nakaa hapa mpaka unipikie."

Alipita pazia bila kungoja. Alimtoa Ayine kwenye mwanga. Macho ya mtoto yalikuwa yamezama. Midomo ilikuwa mikavu. Pognaa alifinya ngozi ya tumbo taratibu, akaiachia. Ngozi ilibaki imesimama, ikarudi polepole. Akagusa utosi, akaukuta umebonyea.

Utani ulimtoka usoni. "Mtoto huyu anakaukiwa maji mwilini. Ameacha kunyonya lini?"

"Maziwa ya mama yake ni machungu," Talata alisema. "Nimeyapima mwenyewe. Mtani, haya si mambo ya kwenu."

"Atipoka, chemsha maji sasa hivi. Maji safi, yachemke yatokote."

Pognaa alitoa mkobani pakiti ya dawa ya mtoto anayeharisha, ule unga wa chumvi na sukari unaokorogwa kwa maji. Maji yalipopoa aliikoroga kama maandishi ya pakiti yanavyosema. Akaanza kumpa mtoto kwa kijiko, kidogo kidogo. Ayine alilamba. Akameza. Akafungua mdomo tena.

"Sasa, mtani," alisema Pognaa huku akiendelea kumnywesha. "Niambie titi moja katika Zaabiisi yote unaloliamini. Titi ambalo hata ukiota ndoto mbaya hutalishuku."

Talata alifikiri. "La binti yangu Ayampoka. Mwanawe habebeki kwa unene."

"Mwite. Na ulete sisimizi wako, ule ukoo wako wa ukutani."

Ayampoka alikuwa nyumba ya pili. Alikuja na mwanawe mnene kiunoni, akicheka, akidhani ni utani tu. Alipouona uso wa mama yake akaacha kucheka. Alikamua maziwa kwenye kigae. Talata akaangusha sisimizi.

Walihangaika. Walizunguka. Miguu ikasokotana. Wakafa wote.

Mtoto mnene alinyoosha mkono kwenye titi la mama yake, akanyonya kwa kelele, kama kawaida yake.

"Hebu sasa tia maji," alisema Pognaa. "Maji ya mtungi wako unaokunywa kila siku."

Talata alitia maji kwenye kigae kingine. Sisimizi wawili walitoka, kwa kuwa waliangukia karibu na ukingo. Wengine walizama.

"Maji haya nayanywa tangu nilipoolewa," alisema Talata.

"Na hujafa. Sisimizi ni mdudu, mtani. Akiangukia katikati atazama. Akiangukia pembeni atatoka. Hajui maziwa. Hajui mtoto. Mama akiwa na ugonjwa, au akitumia dawa fulani, aje kuuliza zahanati. Asiulize ukuta."

Talata alikaa chini palepale vumbini. Alianza kuhesabu majina, kwa sauti ndogo. Hayakuwa majina ya watu wazima. Alitaja mtoto wa fulani, na mtoto wa fulani, na mwana wa yule wa ng'ambo ya mto. Watoto hao hawakuwako tena. Kisha akataja majina mawili ambayo Atipoka hakuwahi kuyasikia ndani ya nyumba ile.

"Hao wawili ni nani, mama?" aliuliza Ayampoka.

"Ni kaka zako. Walikuja kabla yenu. Mama yangu alinipima." Alimwinulia Pognaa macho. "Mtani. Maziwa yangu yalikuwa matamu?"

Pognaa angeweza kumdanganya. Hakumdanganya. Alipiga magoti mbele yake, akasema, "Yalikuwa matamu, mama." Hakumwita mtani.

Ua mzima ulikuwa kama umejaa wale waliotajwa. Atipoka aliogopa kugeuka nyuma.

Ni Talata aliyesimama kwanza. Alimchukua Ayine mikononi mwa nesi, akamweka kwenye mapaja ya Atipoka. "Mnyonyeshe," alisema. "Mnyonyeshe upesi."

"Lakini hayapo tena, mama. Yamenikimbia."

"Hayajakimbia popote," alisema Pognaa. "Vua hicho kitambaa. Vua kabisa. Mweke mtoto kifua kwa kifua, ngozi kwa ngozi. Hivyo. Mdomo wake uchukue na sehemu nyeusi ya titi, si chuchu peke yake."

Ayine alivuta kwa unyonge. Alipumzika. Akavuta tena.

"Wakati wa kiangazi, wewe unateka maji wapi?" Pognaa aliuliza.

"Mtoni. Tunachimba mashimo kwenye mchanga."

"Ukichota, nini kinatokea?"

"Maji mengine yanakuja."

"Na usipochota?"

"Mchanga unaziba."

"Basi ndivyo titi lilivyo. Likinyonywa au likikamuliwa, linatengeneza mengine. Likiachwa limejaa kutwa nzima, linajua kazi imekwisha. Wewe ulilifunga kitambaa. Ulikuwa unaliambia kila siku, acha, acha, acha. Limekusikia."

"Na yule aliyekuwa akininyonya mchana?" Atipoka aliuliza kwa sauti ya chini. "Maziwa yalitoka peke yake, saa ileile Ayine alipolia."

"Jua likifika utosini, Ayine hunyonya?"

"Ndiyo. Saa hiyo hiyo, kila siku."

"Basi yeye alilia kwa sababu ni saa yake, na titi lilishusha maziwa kwa sababu ni saa yake. Mlizoeana. Hata ukimfikiria tu, au ukisikia mtoto wa mwenzio analia, maziwa yanaweza kushuka. Hakuna mtu wa tatu hapo."

"Na yale yaliyojigawa?"

Pognaa akacheka kidogo. "Wewe ni mkandaji wa shea, unaniuliza mimi? Ukikanda, mafuta yanakwenda wapi?"

Atipoka alijibu polepole. "Yanapanda juu."

"Maziwa nayo yana mafuta. Yakitulia, mafuta yanapanda. Unatikisa taratibu yanachanganyika, unampa mtoto. Yote mawili ni ya kwake, ya juu na ya chini."

Talata alisikia. Alitazama upande ule alikoyamwaga.

Siku ile walikwenda zahanati pamoja. Ayine aliangaliwa mpaka kuharisha kukapungua. Pognaa aliwaambia jambo moja tena na tena. Mtoto aliye chini ya miezi sita hapewi kitu kingine, ni maziwa ya mama tu. Asipewe maji ya unga, wala mizizi, wala hata maji matupu, hata vumbi likikausha koo kiasi gani. Dawa atapewa ile iliyotolewa na zahanati. Maziwa ya mama yana maji ya kumtosha.

Maziwa hayakurudi siku moja. Atipoka alimnyonyesha Ayine kila alipotaka, mchana na usiku. Usiku alilala naye karibu, maana Pognaa alimwambia kunyonyesha usiku huongeza maziwa kuliko anavyodhani. Titi moja likiisha alimpa la pili. Alikula mara nyingi kidogo, na alikunywa maji kila aliposikia kiu. Siku za mwanzo alilia. Kisha, asubuhi moja, Ayine akiwa kwenye titi la kushoto, titi la kulia likadondosha lenyewe. Atipoka alilitazama lile tone, akacheka peke yake kama mwehu.

Ikabaki kazi. Nafasi yake isingengoja milele, na Aduko hakuwa ametuma kitu tangu mavuno. Atipoka alimchelea mwanawe, na kazi pia. Alimweleza Laadi aliyoambiwa na nesi. Laadi alitikisa kichwa.

"Kukamua maziwa humu ndani? Shea ikigoma, wanawake wote hawa watakula nini?"

"Ikigoma, nitaondoka," alisema Atipoka. "Sitarudi tena."

Wanawake waliacha kukanda. Walimtazama kupitia vumbi, wakiwa na mikono ya kahawia mpaka viwikoni, hakuna aliyetabasamu.

Laadi alimpa chumba kidogo cha magunia. Atipoka alinawa mikono kwa sabuni mpaka mafuta na mchanga vikatoka, hata chini ya kucha. Alikaa. Alikanda titi kwa upole, kwa vidole, akizunguka. Aliweka kidole gumba juu ya sehemu nyeusi na vidole vingine chini yake. Akasukuma kuelekea kifuani, akabana, akaachia. Akasukuma, akabana, akaachia. Hakuvuta chuchu. Alimfikiria Ayine, uzito wake na harufu ya utosi wake. Kwanza yalitoka matone. Kisha ukatoka mchirizi. Aliyakinga kwenye kikombe chenye mfuniko, kilichochemshwa asubuhi. Akakitia ndani ya chungu kilichofungwa kitambaa kibichi, kivulini, ambako hewa ya msimu huo huwa baridi.

Aliporudi kwenye beseni lake, wenzake walimfanyia nafasi kubwa mno. Alizamisha mikono. Laadi alisimama juu yake, midomo imebanwa. Rojo lilikuwa zito na la kahawia. Alikanda. Hakuna kilichotokea. Alikanda. Alisikia mtu nyuma yake akinong'ona jina la marehemu mama yake mwenyewe, kama anayeomba. Mikono ilianza kufa ganzi. Akatia maji baridi, akazungusha mkono.

Weupe ukatokea. Kwanza ulikuwa mdogo kama ukucha. Kisha ukatanda, ukajaa, ukapanda juu ya beseni lote, laini, mzito.

"Haya," alisema Laadi, akaachia pumzi. "Kumbe tulikuwa tunafungwa na kitambaa."

Tangu siku ile mpango ulikuwa hivi. Atipoka alimnyonyesha Ayine kabla ya kutoka nyumbani. Kazini alikamua kila baada ya saa tatu hivi, hata siku ambayo kazi ilikuwa nyingi. Jua lilipofika utosini, Talata alitokea katika vumbi na mjukuu mgongoni, na Ayine alinyonya palepale kwenye chumba cha magunia. Talata aliondoka na kikombe cha maziwa yaliyokamuliwa. Nyumbani alimnywesha kwa kikombe kidogo safi, si kwa chupa, kwa kuwa chupa huficha uchafu shingoni. Pognaa alimwambia maziwa yasikae nje zaidi ya muda wa saa nne, na siku ya joto yanywewe mapema zaidi. Yaliyobaki kikombeni Talata aliyanywa mwenyewe. Jioni Atipoka aliponyonyesha tena, hakuharakisha.

Mikunjo ya mapajani ilirudi. Kwenye mizani ya zahanati Ayine alimrukia nesi na kumvuta kofia. Wanawake wengine wawili wa nyumba ya shea wakafungua vitambaa vyao.

Kisha asubuhi moja mwanamume alisimama penye lango la Talata. Vumbi lilikuwa zito, hawakumtambua mpaka aliposalimu. Alikuwa ametoka ng'ambo ya mto. Mkewe alikuwa amerudi kazini kwenye mashamba ya nyanya, na mtoto alikuwa akikataa titi.

"Wazee wanakuita, mama," alisema. "Njoo upime. Sisimizi tumeshakamata."

Atipoka alimtazama mama mkwe wake. Talata alikuwa amepauka. Kisha alijifunga kanga. "Mke wetu, twende wote," alisema. "Mikono yako naihitaji."

Walimkuta mke wa yule mtu, msichana mdogo, amekaa katikati ya ua, kifua kimefungwa kitambaa. Wazee walimzunguka. Ndani ya nyumba mtoto alilia kama paka mdogo. Kigae kilikuwa tayari chini, na matone ya maziwa ndani yake. Mtu alishika sisimizi kwenye jani lililokunjwa. Walimpisha Talata, kwa heshima na kwa hofu, jinsi walivyozoea.

Talata aliinama, akakiinua kigae. Yeye hakuomba sisimizi. Alichovya kidole kwenye maziwa, akakipeleka mdomoni, akafumba macho. Alikaa hivyo mpaka wazee wakaanza kutazamana.

"Ni matamu," alisema. "Ni matamu kama yalivyokuwa ya kwangu. Mleteni mtoto."

Hakuna aliyebisha. Yeye ndiye mpimaji. Atipoka alipiga magoti, akakifungua kile kitambaa, akamwonyesha yule msichana namna ya kumshika mwanawe kifua kwa kifua. Mtoto alitafuta, akakosa, akatafuta tena. Halafu akapata. Katika ua wote ule, katika vumbi lote lile, sauti iliyosikika ilikuwa moja tu, ya mtoto akimeza.